Kuni za Reli ya Chini

Inspekta aliyeitwa Sindano hakupewa jina hilo kwa wembamba. Alikuwa mwanamke wa haja, mwenye pumzi fupi na viatu vilivyolika upande mmoja, ila maswali yake yalikuwa madogo na yalichoma. Asubuhi hiyo alikuwa amechutama katikati ya banda la Mzee Filimbi, amewapa wenzake wote mgongo, akitazama kuni.

"Afande, damu iko huku," koplo alimkumbusha. "Kwenye shoka."

"Damu kila mtu ameiona. Kuni nani amezitazama?"

Koplo akazitazama. Kuni ni kuni. Alikuwa kijana wa watu, mtiifu, lakini hakuwahi kuona kitu kilichomshangaza kabla ya chai ya saa nne.

Mzee Filimbi alikuwa ametoweka tangu juzi. Alikuwa dereva wa treni mstaafu, mjane, na miaka ya karibuni akili yake ilikuwa imeanza kumchezea: aliita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, na mara kwa mara aliulizia treni ambayo haijapita mjini tangu wajukuu hao hawajazaliwa. Polisi walikuwa wamelipekua tuta lote la Reli ya Juu, kampuni aliyoitumikia hadi ikafa. Walitafuta chini ya madaraja, ndani ya makalvati, kwenye stesheni kuu ambayo siku hizi ni maduka ya simu. Hawakupata hata kiatu.

Badala ya mzee wakapata shoka lenye damu, na jirani aliyesikia mzee na mkwewe wakifokeana humo bandani. Mkwe alikuwa mwokaji mikate. Alitaka banda livunjwe ajenge tanuri jipya. Mzee hakutaka hata kulisikia. "Hili banda utalipata nikifa!" jirani alimsikia mzee akisema, na mkwe akajibu, "Basi tutasubiri!" Maneno ya hasira, kila nyumba inayo. Lakini Mkuu wa kituo aliyapenda maneno hayo kama wimbo. Mwokaji alikuwa mahabusu, na alasiri hiyo Mkuu alikusudia kumfikisha mahakamani kwa kosa la mauaji, mwili upatikane usipatikane.

Mlangoni alisimama binti wa mzee, mke wa mwokaji, khanga ameikaza kiunoni kama mtu anayetaka kubeba mzigo.

"Afande, nakuuliza wewe kwa sababu wewe ni mama mwenzangu," alisema. "Nimlilie nani? Baba au mume wangu? Wawili siwawezi."

"Usimlilie mtu bado. Jikoni unapikia nini?"

"Nini?"

"Chakula unakipikia moto gani?"

"Gesi. Toka baba asahau kuzima mkaa, hatuweki tena jiko la moto humu."

"Na hizi kuni za nani?"

Binti alitazama, akapandisha mabega. "Yalikuwa mabaki ya mbao. Baba aliyaokota kwa seremala, mapande marefu marefu. Nilimwachia tu, yanamshughulisha."

Sindano alimwita koplo kwa kidole. "Haya, chutama. Unaona zilivyokatwa? Zote sawasawa, kutoka kiganja hadi kiwiko. Nani anakata kuni fupi hivi, tena kwa kipimo?"

"Kuni za mwokaji, bila shaka."

"Hilo tutamuuliza mwenyewe. Sasa ondoa hizo za juu. Polepole, mwanangu, si mahindi hayo."

Koplo aliondoa safu ya juu, kisha ya pili. Katika safu ya tatu, pale kuni moja ilipolala juu ya nyingine, kulikuwa na alama ya damu iliyokauka, kubwa kama kidole gumba. Safu iliyofuata ilikuwa na alama nyingine, hafifu zaidi. Za juu kabisa zilikuwa safi.

"Damu iko katikati ya rundo," Sindano alisema. "Maana yake nini?"

Koplo alifikiri mpaka jasho likamtoka. "Maana yake... aliyetoka damu aliendelea kupanga kuni?"

"Mungu akuzidishie. Alijikata, akapanga, akajifunga kitambaa, akaendelea kupanga. Maiti haipangi kuni, koplo. Na huyu hakukatwa na mtu. Ukikatwa na mtu huwezi kurudi kwenye kazi yako." Aliinuka kwa kushika goti. "Mama, kuna kitu cha kubebea kimepotea humu?"

Binti aliangaza. Akaweka mkono mdomoni. "Toroli. Toroli la bustani halipo."

* * *

Kituoni Mkuu alimkuta Sindano kwenye korido na kumzuia kwa tumbo.

"Nimesikia umeshinda bandani unachambua kuni. Unataka kupika?"

"Naomba dakika chache na mwokaji, Afande."

"Chukua. Lakini jua kikulacho ki nguoni mwako. Mkwe, mali, shoka. Unataka nini tena?"

"Marehemu, Afande. Kesi ya mauaji huwa inapendeza ikiwa na marehemu."

Mkuu alikohoa na kumpisha.

Mwokaji alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, unga bado umemganda kwenye nyusi. Walimkamata alfajiri akiwa kazini, na mikate yake yote ikaungua. Alipomwona Inspekta alisimama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Tanuri lako linakula kuni za urefu gani?"

Mwokaji alimtazama kama mtu aliyetegemea kofi akapewa kiti. "Urefu wa mguu, mama. Wakati mwingine zaidi. Tanuri langu lina kina."

"Ukitia kuni za mkono, za kiwikoni?"

"Zitawaka haraka mno. Mkate utaungua nje, ndani ubaki uji. Sitii kuni fupi hata unilipe."

"Mzee alikuwa anazikata za kazi gani?"

"Sijui. Mimi mzee haniambii kitu. Mimi kwake ni 'mtu wa unga'. Miaka yote hiyo nimemwoa bintiye, hajaniita mwanangu hata mara moja." Alifuta uso, unga ukazidi kuenea. "Tulifokeana, sikatai. Lakini huyo mzee nilikuwa namkata kucha mwenyewe, mama. Mwenyewe hataki mtu mwingine amshike miguu. Nimuue halafu nimkate nani kucha?"

Sindano alikuwa amesikia viapo vya kila namna katika kazi yake, vya msahafu na vya makaburi. Cha kucha hakuwahi kukisikia. Alitoka kule ndani akiwa amemwamini yule mtu, jambo ambalo hakupenda kulifanya kabla ya ushahidi, na akaharakisha hatua, kwa sababu kama mwokaji hakuua, basi kuna kizee mahali fulani, kina kidonda mkononi na toroli la kuni, na hakijala tangu juzi.

* * *

Mzee Bendera aliishi chumba cha mwisho katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mshika ishara, rafiki wa Mzee Filimbi wa tangu ujana, na ndiye aliyewaongoza polisi kwenye tuta la Reli ya Juu siku mbili hizo, akitangulia mbele na fimbo yake. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

Sindano alitoa kuni moja mfukoni, akaiweka mezani mbele yake.

Mzee Bendera aliitazama. Akaipima kwa mkono wake mwenyewe, kiganja mpaka kiwiko. Kisha akaacha mdomo wazi, na maji ya beseni yakamwagika kwa jinsi alivyoshtuka.

"Lahaula! Huyu mwendawazimu amekwenda kazini."

"Kazi gani? Reli ya Juu ilichoma mafuta. Umeniambia wewe."

"Siyo ya Juu. Ya Chini." Alishika kichwa. "Na mimi nimewatembeza kwenye tuta siku zote hizo, nikijifanya najua! Mpumbavu mimi."

"Babu, jilaumu baadaye. Reli ya Chini ni ipi?"

"Hakuna mtu mzima atakayekutajia. Tulikuwa na kampuni mbili hapa, mwanangu. Reli ya Juu ndiyo iliyokuwa na stesheni ya mnara na sare za vifungo vya shaba. Ya Chini ilikuwa kireli chembamba tu, cha kuteremsha mbao, na abiria wachache, kutoka kwa wapasua mbao. Injini zake zilichoma mabaki ya mbao, na mlango wa tanuri lake ulikuwa mdogo hivi. Kuni ikizidi kiwiko haiingii. Filimbi alianzia huko, mchochea moto. Mimi pia nilianzia huko."

"Bintiye hajui."

"Hawezi kujua. Kampuni ilipofilisika, Reli ya Juu ilituchukua sisi watu, vyombo ikavikataa. Njia zao zilikuwa pana, zetu nyembamba, haviingiliani. Basi kule tulikokwenda wakatucheka. Wakatuita wala-kuni. Mtu akikohoa wanamwambia, 'Tema vumbi la mbao!' Tukakubaliana, mimi na Filimbi, kwamba hatukuwahi kufanya kazi huko. Nimeusema uongo huo mpaka mwenyewe nikauamini. Juzi polisi waliponiuliza, 'Mzee alifanya kazi reli gani?' nikajibu ya Juu, bila hata kupepesa."

"Ya Chini ilifilisikaje?"

Mzee alipunguza sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mtu mwingine. "Boila lilipasuka. Wachochea moto wawili waliiacha injini ikiwaka, kila mmoja akidhani mwenzake yupo. Maji yakaisha ndani. Mlipuko ukachukua jengo na watu waliokuwa wakisubiri nje. Baada ya hapo ikatoka amri: haondoki mtu kwenye moto mpaka mwenzake aje, amwambie kwa mdomo, 'Nimepokea.' Hata kama mkeo anajifungua. Amri nzuri, lakini ilichelewa. Abiria walikwisha kuogopa, wenye mbao wakahamia kwenye malori. Reli zikang'olewa, zikauzwa chuma chakavu."

"Na injini?"

"Moja ilibaki. Wadai wawili waliigombania, hakimu akasema ifungiwe banda lilelile ilimokuwa, isiguswe hadi kesi iishe. Wadai wakafa, kesi ikafa nao. Sijasikia mtu aliyekwenda kuitoa."

"Banda hilo liko wapi?"

Mzee Bendera alitikisa kichwa. Macho yakajaa machozi. "Mji umejengwa juu yake, mwanangu. Sipajui tena. Wallahi sipajui."

* * *

Koplo alishauri waombe ramani ofisi ya ardhi. Sindano alisema ofisi ya ardhi ni ya watu wenye muda. Alimwomba amwendeshe taratibu kuzunguka mitaa ya nyuma ya soko, akaweka kiwiko dirishani.

"Tunatafuta nini, Afande?"

"Mtaa uliopinda bila sababu. Huku nyumba zote zimepangwa mraba mraba. Treni haiwezi kukata kona kama baiskeli. Inapinda polepole, na nyumba zilizojengwa kando yake zinapinda nayo. Reli ikiondoka, nyumba zinabaki zimepinda."

Waliupata nyuma ya maduka ya vitambaa. Ulikuwa uchochoro mpana kidogo kuliko mingine, na kuta za nyuma za maduka zilikwenda nao kwa mkunjo mmoja mrefu, laini, kama ukingo wa sahani. Kwenye shina la ukuta mmoja mtu alikuwa ametengeneza ngazi kwa mataruma ya zamani, yale magogo yanayolaliwa na reli. Koplo aliyaona kwanza, akayapigia kelele kana kwamba ameokota dhahabu, na Sindano akamsifu kwa moyo wote.

Waliufuata mkunjo kwa miguu mpaka wakaishia kwenye ukuta wa mabati yaliyoota kutu, yamezingirwa na miiba. Kando ya mabati kulikuwa na ua wa dobi, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na sura ya mtu aliyekosewa. Alipoona sare, alitupa shuka kwenye beseni.

"Hatimaye! Toka jana nawapigia simu!"

"Kuhusu nini, dada?"

"Kuhusu nini! Tazameni!" Aliwaonyesha kamba nzima ya mashuka meupe yaliyonyunyiziwa masizi. "Mashuka ya hoteli haya! Kuna mtu anachoma takataka humo ndani, usiku na mchana. Nimegonga mabati, nimetukana, hanijibu. Anapuliza filimbi tu."

Sindano alimshika mkono. "Filimbi?"

"Kwa mdomo. Fyuu, fyuuu. Mwehu mtupu. Jana nilimsukumia maji na mkate kwenye upenyo, nikadhani labda akishiba atatulia. Akala, akazidisha moshi."

Pafukapo moshi pana moto, na penye moto wa kuni pana mtu wa kuuchochea. Sindano alijikuta amemkumbatia dobi, masizi na yote. Goti halikumsumbua tena; alipita kwenye ule upenyo wa mabati kabla ya koplo, ambaye alikuwa mwembamba kuliko yeye mara mbili.

Ndani, chini ya paa lililobaki mbavu tu, ilisimama injini ndogo nyekundu kwa kutu, magugu yameishika magurudumu. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye bomba lake kwa unyenyekevu. Kando yake lilikuwa toroli la bustani, limebaki na kuni chache. Na juu, pale pa kusimama mchochea moto, alikuwapo Mzee Filimbi, kidole gumba kimefungwa kipande cha shati, uso mweusi tititi, macho yanang'aa.

"Abiria hawaruhusiwi huku," alisema.

Sindano aliegemea gurudumu. Alitaka kucheka, akaona machozi yanatangulia, akayaacha yatangulie. "Shikamoo, baba. Tumekutafuta sana."

"Marahaba. Subirini jukwaani."

"Afande, hilo boila si litalipuka?" koplo alinong'ona kutoka kwenye upenyo, nusu ndani, nusu nje.

Sindano aliinama kutazama. Tumbo la injini lilikuwa na tundu ambalo paka angepita bila kukunja masikio. "Hata chai halichemshi. Njoo."

Walimpa mzee maji, akanywa. Walimpa biskuti za koplo, akala. Lakini walipomwambia twende nyumbani, alishika chuma cha kuchochea kwa mikono miwili.

"Moto unawaka. Anayenipokea yuko wapi?"

"Nakupokea mimi," alisema Sindano.

"Wewe ni abiria."

"Mimi basi, babu," koplo alijitosa, akapanda. Mzee alimpa chuma. Koplo alichoma moto mara mbili tatu kama anayeua nyoka, cheche zikaruka, mzee akampokonya.

"Huyu katoka wapi? Atatuulia watu!" "Mimi siondoki. Waliondoka wale, mkaona yaliyotokea. Mimi siondoki."

Ndipo Sindano akaelewa kwamba mzee alikuwa amekaa pale kwa hofu siku zote hizo, anasinzia na kuzinduka, akilinda watu ambao hawapo wasife. Kumshusha kwa nguvu kungemvunja. Akapiga simu kituoni.

"Afande Mkuu, mauaji yamefutika. Marehemu anakula biskuti. Naam, nimemshika kwa mkono wangu. Sasa naomba uniletee mwokaji na mkewe, haraka. Hapana, pingu ziacheni huko."

* * *

Binti alifika kwanza, akamwona baba yake, akakaa chini palepale kwenye magugu na kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Dobi, aliyekuwa ameapa kudai fidia, alikuwa akimpepea kwa shuka la hoteli.

Mwokaji alimtazama mzee, akautazama moshi, kisha akapanda polepole, akachuchumaa mbele ya mlango wa tanuri na kuchungulia ndani.

"Umeegemea kushoto," alisema.

Mzee Filimbi aligeuka. "Nini?"

"Moto. Umelalia kushoto, kulia kumebaki majivu. Ukitia kuni sasa utaukaba."

Mzee alichungulia na yeye. Vichwa vyao vilikaribiana kwenye ule mlango mdogo. "Kweli," alisema. "Macho yangu siku hizi..." Akamkabidhi chuma.

Mwokaji aliusambaza moto kwa mkono mtulivu, akavuta makaa kulia, akaacha nafasi ya hewa katikati. Alichagua kuni moja, akaipima kwa jicho, akaitia upande wa nyuma. Mwali ukapanda vizuri, wa manjano, bila kelele. Mzee alikuwa akimtazama mikono tu, hakumtazama uso.

"Nani amekufundisha?"

"Mikate, baba."

"Hm." Mzee alijifuta kiganja kwenye suruali. "Kuni zimebaki kidogo. Maji ya boila sijayaona tangu asubuhi, waambie. Unapokea?"

Mwokaji aligeuza macho kumtazama Inspekta aliyesimama chini. Sindano alimwonyesha neno kwa midomo, bila sauti.

"Nimepokea, baba."

Mabega ya Mzee Filimbi yakashuka. Ghafla alikuwa kizee kilichochoka, hakuna zaidi, na koplo akawahi kumdaka alipokuwa akiteremka. Alitembea akiwa amemwegemea bintiye mpaka kwenye upenyo wa mabati, huko akasimama, akageuka.

"Usiuache moto huo, mwanangu."

"Siuachi."

Gari liliondoka naye. Dobi alirudi kwenye mashuka yake. Sindano alikaa juu ya ukingo wa toroli, akavua kiatu kimoja, akakisugua kisigino, akahisi raha iliyoje kuwa na siku isiyo na maiti.

"Haya, kaka, shuka," alimwambia mwokaji. "Uko huru. Mzee amekwisha kwenda, na mimi sina neno na wewe. Nenda kamlaze mwenyewe."

Mwokaji hakushuka. Alifungua mlango wa tanuri, akachungulia, akaufunga. Machozi yalikuwa yamechora mifereji miwili kwenye unga na masizi ya uso wake, na alikuwa anatabasamu.

"Wewe tangulia, mama," alisema. "Mimi nitakuja ukizimika."